Kidole cha Tano Kwenye Bushi ya Kati

Ukungu umeulalia uwanja wa transfoma. Uzio wa waya unaonekana, kilicho nyuma yake hakionekani. Kinachosikika ni mngurumo tu, ule mlio wa aina moja usiopanda wala kushuka, ambao wafanyakazi wa kituo hiki cha umeme wanasema hawausikii tena hadi siku unapokatika.

Mama Kitambaa amesimama kwenye geti la ndani, koti la kazi limefungwa hadi kidevuni na kofia ngumu imeshuka hadi kwenye nyusi. Anamshika mwandishi wa simulizi hii mkono wa koti na kumrudisha nyuma ya mstari wa njano uliochorwa kwenye zege.

"Mwisho wetu hapa," anasema. "Sasa tazama bushi ya kati. Usiende juu. Angalia kule chini, zile sketi za kwanza kwanza."

Mwanzoni hakuna kitu. Kisha ukungu unajisogeza kidogo na transfoma inajitokeza: sanduku la chuma lenye ukubwa wa chumba cha kulala, na juu yake pembe tatu ndefu za kijivu zimesimama wima, kila moja imezungukwa na sahani za mpira zilizopangana kama sketi. Pembe hizo ndizo bushi. Umande umetua juu yake kwa matone madogo ya duara, kama maji juu ya jani la gimbi.

Ila kwenye pembe ya kati, karibu na shina lake, kuna mahali ambapo matone hayakukaa. Maji yametandaa na kufanya doa jeusi linalong'aa, na doa lile lina umbo la mkono.

Ni kiganja kizima, kimekatwakatwa na sketi za mpira kama mkono wa mtu aliyesimama nyuma ya dirisha la vioo vya vipande. Kwenye ncha za vidole, mara moja moja, cheche ya bluu inawaka na kuzimika. Baada yake unasikia mlio kama wa mafuta yanayoanza kupata moto kikaangoni.

"Hesabu vidole," anasema Mama Kitambaa.

Mwandishi anahesabu. Vitano.

"Haya. Sasa kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na vinne."

Mwandishi huyu si mtu wa kuamini mashetani, na ameshaandika habari nyingi za watu wanaoyaamini. Lakini asubuhi hiyo alijikuta ameitia mikono yake yote miwili mfukoni, na hakuitoa upesi.

Mama Kitambaa ni fundi wa bushi. Kazi hiyo ameifanya kwa miaka ishirini na sita, na jina lake la kazini limetokana na vitambaa vyeupe vya pamba ambavyo hakosi kuwa navyo mfukoni. Anavikata mwenyewe nyumbani kutoka kwenye mashuka makuukuu, anavifua, anavichemsha na kuvianika. Wenzake wanamtania kwamba hata akialikwa chai hukipangusa kikombe kwa nje kwanza ndipo anywe.

Anaieleza kazi yake kwa lugha nyepesi. Umeme mkubwa unatakiwa uingie ndani ya sanduku la chuma bila kuligusa sanduku lenyewe, na bushi ndiyo mlango wake. Ikishindwa bushi, umeme unalirukia sanduku, mafuta yaliyo ndani yanawaka, na aliye karibu hana muda hata wa kusema "mama".

Zamani bushi zote hapa zilikuwa za kaure, kama vikombe vya kahawa, zikipasuka vipande vinaruka kama visu. Kisha zikaja hizi za mpira. Hazipasuki ovyo, ni nyepesi, na maji hayazikamati. Hata zikipata vumbi, mpira wenyewe hutoa ute mwembamba kutoka ndani ukalifunika lile vumbi, na maji yakaendelea kuteleza.

"Inajitibu kama ngozi," anasema. "Ukiigusa imezimwa lakini bado ina joto, utadhani umeshika mkono wa mgonjwa wa homa. Wageni wengi hawapendi kuigusa mara ya pili."

Kama ngozi, nayo ina vitu visivyopatana nayo. Cha kwanza ni mafuta ya transfoma. Yakiingia kwenye mpira, unavimba, unalegea na kushika uchafu. Ndiyo maana sheria ya kwanza anayofundishwa fundi yeyote wa bushi ni kutoigusa kwa mkono mtupu, na sheria ya pili ni kutoigusa kwa glavu iliyoshika kitu kingine.

Kaka yake aliijua sheria hiyo kuliko alivyolijua jina lake. Ndiye aliyemwingiza kazini. Watu walimwita Fundi Vinne, kwa sababu kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikatwa na winchi angali kijana, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kulicheka jina hilo. Akiulizwa saa ngapi zimebaki kazi iishe, alikuwa akinyoosha mkono huo na kusema, "Vinne na kipande."

Siku ya kufunga bushi za mpira, kaka na dada walikuwa juu ya transfoma pamoja. Bushi ya kati ilikuwa imeshakaa mahali pake na boliti zimeshakazwa. Kaka alikuwa amevua glavu ili apapase gasketi, ule mpira wa kuzibia maungio, kama inavuja, maana aliamini ncha za vidole vyake kuliko tochi. Mafuta yakamjaa kiganjani. Akageuka, buti likateleza, na akaanza kuanguka.

"Nilimwona anakwenda," Mama Kitambaa anasema. "Mkanda wa usalama alikuwa ameufungua ili ahamie upande wa pili. Chini ni zege. Akaikumbatia bushi kwa ule mkono wa mafuta, akaning'inia pale, uso umekuwa mweupe. Nikamvuta kwa kola."

Walipopata pumzi walicheka mpaka machozi yakawatoka. Kisha wakaliangalia doa. Sheria ilikuwa wazi: bushi iliyoshikwa na mafuta inashushwa, inachunguzwa, na aliyeishika anaandikiwa barua. Msimamizi alikuwa chini, amewapa mgongo, anaongea na dereva wa kreni.

Kaka akapangusa kwa kitambaa kikavu. Doa likafifia, halikutoka. Akamtazama mdogo wake.

"Akaniambia, 'Dada, umeona kitu?' Nikamwambia, 'Nimeona nini?' Basi. Ikaishia hapo."

Fundi Vinne aliishi miaka kadhaa baada ya siku hiyo, akafa kwa moyo. Alikwenda kujilaza baada ya chakula cha mchana, siku ya mapumziko, na hakuamka. Alimwachia dada yake binti mmoja aliyekuwa bado anasoma. Mama wa binti alishatangulia zamani, kwa hiyo Shangazi akawa ndiye baba na ndiye mama, kwa mshahara mmoja na cherehani moja.

Wiki ileile ya mazishi ukungu ulishuka. Mama Kitambaa alikuja kazini kwa sababu nyumbani palikuwa hapakaliki, akaingia uwanjani kwa ukaguzi wa asubuhi, akainua macho. Juu ya bushi ya kati kulikuwa na mkono wenye vidole vinne.

"Nilikaa chini pale pale kwenye kokoto. Sikuogopa, usiandike kwamba niliogopa. Nilisema, ahsante, kumbe hujaenda mbali."

Mhandisi wa kituo, mwanamume mpole mwenye tabia ya kuvua miwani kila anapotaka kusema jambo zito, analo jibu lake. Anasema mpira ulipokuwa mpya ulikuwa na nguvu za kulimeza lile doa. Vumbi la miaka lilipojaa, ile sehemu iliyolainika ikashindwa kujitibu kama sehemu nyingine, na ukungu wa mwaka ule ukaionyesha. Kioo cha bafuni hufanya vivyo hivyo: ukikiandika kwa kidole hakionyeshi kitu, mpaka mvuke upande.

"Kwamba ilitokea wiki ya msiba," anasema huku akivua miwani, "hilo mimi sina kipimo chake."

Tangu hapo ikawa siri ya mtu mmoja. Kila mwaka umeme ulipozimwa kwa usafi, Mama Kitambaa alipanda mwenyewe kwenye bushi ya kati. Alipangusa kila sketi, juu na chini, akafika kwenye kile kiganja na kupita pembeni. Vipimo vilichukuliwa siku za jua, mpira ukiwa mkavu, na vikasema bushi ni nzima. Wenzake walidhani anaing'ang'ania bushi hiyo kwa sababu ni ngumu. Asubuhi za ukungu aliwahi kabla ya wote, akasimama kwenye mstari wa njano na kumpa kaka yake habari za nyumbani.

Nyumbani kwake pako hivyohivyo. Ni vyumba viwili, safi mno, vimepakwa rangi mpya ya maziwa. Lakini mlangoni mwa chumba kilichokuwa cha kaka, kuizunguka swichi ya taa, kimeachwa kiduara cha rangi ya zamani chenye alama nyeusi za vidole vya watu walioipapasa gizani kwa miaka. Fundi wa rangi alimuuliza kama amesahau hapo. Alimjibu kwamba hakusahau, na kwamba brashi ikipita hapo hatalipwa.

Mwaka huu mambo mawili yalitokea. La kwanza, binti wa kaka, ambaye sasa ni fundi kamili wa transfoma, alihamishiwa kituo hiki. Wenzake wanamwita Mkanda, kwa kuwa hufunga mkanda wa usalama hata akipanda kiti kubadilisha balbu. Ukungu wa kwanza tu, akamfuata shangazi yake ofisini.

"Shangazi, nani kashika bushi ya kati?"

"Ni vumbi hilo, mwanangu."

"Vumbi lenye vidole?"

"Vumbi lina mambo yake. Nenda kanywe chai."

La pili lilianza kama kijipele. Kwenye ule mkono, mahali palipokuwa wazi kati ya kidole gumba na cha kati, kitu kilianza kuchomoza. Asubuhi ya ukungu iliyofuata kilikuwa kimefika kiungo cha kwanza. Kikaendelea kupanda, sketi baada ya sketi, chembamba, kimenyooka kuelekea juu kwenye chuma ambako waya umefungwa.

Hapa Mama Kitambaa anatoa kitambaa mfukoni na kuanza kukikunja.

"Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilisema kule aliko wamemrudishia kidole chake. Nilikwenda nyumbani naimba. Mtu mzima mimi, fundi wa miaka yote hii, naona hatari inakua mbele ya macho yangu, naipigia vigelegele."

Furaha hiyo iliisha asubuhi moja. Mkanda alikuwa kwenye ukaguzi, amesimama chini ya transfoma anasoma kipimo cha mafuta, akiwa amempa bushi mgongo. Shangazi alikuwa getini. Ukungu ulikuwa mzito. Juu ya kichwa cha binti, kidole kile kipya kikawaka kutoka kwenye shina hadi ncha, bluu, na hakikuzimika upesi kama vingine. Kilikuwa na mlio. Mkanda akaguna tu, akajikuna shingo, akaendelea kusoma.

"Nilisema hapana. Kaka yangu hawezi kumnyooshea mwanawe kidole cha moto. Huyu si kaka yangu. Sijui ni nani, lakini si yeye."

Alimwita binti kwa sauti ambayo Mkanda anasema hajawahi kuisikia kabla wala baada. Akamtoa nje ya uzio. Palepale, wakiwa wamesimama, akamweleza yote: buti lililoteleza, kola, kitambaa kikavu, kicheko. Kisha akaenda kwa Mhandisi na kuyarudia.

"Nilitegemea anikaripie," anasema. "Alivua miwani tu. Akaniuliza, 'Mama, kwa nini sasa?' Nikamwambia kwa sababu kimekuwa cha tano."

Alipewa barua ya onyo, na anasema aliistahili hata kabla ya kuisoma. Tatizo lilikuwa moja: bushi isingeweza kushushwa siku hiyo. Transfoma ya pili ya kituo ilikuwa imefunguliwa kwa matengenezo, na hii ndiyo iliyobeba hospitali na pampu za maji za mji mzima. Uwanja ukazungushiwa kamba. Hakuna aliyeruhusiwa kuvuka mstari wa njano. Wakabaki kuomba mvua ichelewe, na kila asubuhi Shangazi na binti walisimama pamoja getini wakikitazama kidole kinapanda.

Asubuhi hii ya ziara yetu ndiyo siku ya kuishusha. Transfoma ya pili imerudi kazini. Ukungu unapoanza kuyeyuka, mkono unafifia pamoja nao, kidole kimoja kimoja, hadi bushi inabaki ya kijivu tupu kama zile nyingine. Kisha swichi zinafunguliwa, kila fundi anatia kufuli lake mwenyewe, na nyaya za ethi, zinazopeleka ardhini umeme uliobaki, zinafungwa. Mngurumo unakatika.

Kimya kinachofuata ni kizito kiasi kwamba mtu anakohoa na wote wanageuka. Mama Kitambaa ameinamisha kichwa. Kwa miaka yote hiyo, anasema baadaye, hakuwahi kuongea na kaka yake bila ule mlio nyuma yake.

Kazi inachukua mchana mzima. Mafuta yanapunguzwa, boliti zinalegezwa, kreni inainua taratibu. Anayepanda kuifungua ni Mkanda, kwa kuomba mwenyewe. Bushi inaning'inia hewani, inajizungusha kidogo kwenye kamba, upande wenye doa unageukia ofisi, unageukia geti, unawageukia mafundi. Kisha inalazwa juu ya viegemeo vya mbao.

Juani haina alama yoyote. Fundi mmoja anaanza kusema kwamba labda ni macho ya watu tu. Mama Kitambaa anachukua chupa ya kupulizia maji, ileile wanayotumia kupima mpira, na kupuliza mara moja. Mkono unatokea. Yule fundi anarudi nyuma.

Mhandisi anachukua kisu na kuchana mpira kwenye vidole vinne, kimoja baada ya kingine. Ndani yake ni safi. Umelainika, umebadilika rangi kidogo, basi. Anafika kwenye cha tano. Kisu kinaingia bila kusukumwa. Chini yake kuna njia nyeusi iliyoungua, inayopinda kama njia ya mchwa ukutani, imetoka kwenye shina, imezama hadi kwenye kiini na kupanda karibu kufika kileleni.

"Pale ndipo kisiki cha kidole kilipokandamiza," Mhandisi anasema. "Uzito wake wote ulikuwa hapo, mafuta yakazama ndani zaidi." Anavua miwani. "Au tuseme hivyo."

"Kilikuwa kimebakiza nini?" Mkanda anauliza.

"Mvua moja."

Binti akavua glavu ya kulia. Bushi ile ni taka sasa, sheria haiihusu tena. Akaweka kiganja chake kitupu juu ya kiganja cha baba yake, vidole vyake juu ya vile vinne, na kile cha shahada akakiinua ili kisiguse. Alikaa hivyo kwa muda. Aliponyanyua mkono, maji yalikuwa yamevurugika na mkono wa chini haukuonekana vizuri.

Mhandisi akasema wanaweza kukikata kipande kile, kama familia inakitaka. Mkanda akamtazama shangazi yake.

"Hapana," Mama Kitambaa akasema. "Nilimficha mara moja. Inatosha."

Mwandishi alirudi kituoni wiki chache baadaye, mvua zikiwa zimeshaanza, asubuhi nyingine ya ukungu. Transfoma ilikuwa inanguruma. Bushi mpya ya kati ilikuwa imejaa matone ya duara kutoka chini hadi juu, bila doa.

Mama Kitambaa alikuwa kwenye mstari wa njano, peke yake. Alikuwa analia, wala hakujificha.

"Kila siku ya ukungu namtafuta," alisema. "Simwoni. Sasa ndiyo najua amekufa. Miaka yote ile sikumlilia, nilikuwa nampangusa pembeni."

Mwaka ujao anastaafu. Hana mpango wa duka wala shamba. Anataka abaki akifundisha mafundi wapya, na ombi lake kwa kituo limeshakubaliwa: anayeteleza akiwa juu ya transfoma lazima apaze sauti na kusema ameteleza na ameshika wapi, na hataandikiwa barua. Wenzake wanaliita tangazo. Wiki iliyopita dereva wa kreni aliteleza kwenye ngazi ya ofisi na kutangaza kwamba ameshika mlango, na kituo kizima kikacheka.

Mchana wa siku hiyo, umeme ulipozimwa kwa usafi, Mkanda alifunga mkanda wake na kushika ngazi. Alipofika juu, kabla ya kuigusa bushi, sauti ya shangazi yake ilimfuata kutoka chini.

"Glavu!"

Binti akanyoosha mkono wa kulia juu, katika glavu safi nyeupe, na kuutandaza. Mama Kitambaa aliinua uso, na midomo yake ikaanza kucheza polepole, moja, mbili, tatu.

"Vitano," akasema. "Haya, mwanangu. Shika."